Mimbari na Mfuko: Kanisa la Kenya na Nguvu ya Kukemea Dhuluma

Ukiwauliza Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka 1990 iwapo kanisa liliwatetea wanyonge, wengi watakutajia majina bila kusita: Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, Kasisi Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru. Ukiwauliza vijana walioingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, si ajabu ukajibiwa kwamba kanisa ni mahali ambapo mwanasiasa hupewa kipaza sauti siku ya Jumapili kwa sababu amekuja na bahasha. Majibu yote mawili yana ushahidi wake, na wala hayatofautiani kwa sababu kizazi kimoja cha wachungaji kilikuwa na imani kubwa kuliko kingine. Tofauti imo katika mambo ya kawaida zaidi, ambayo mahubiri huyagusa kwa nadra: nani humteua kiongozi wa kanisa, nani humlipa, waumini wake ni wa jamii gani, na ni milango mingapi mingine iliyo wazi kwa mtu aliyedhulumiwa.

Kabla ya yote ni lazima tujue tunamzungumzia nani. Tukisema "kanisa lilikemea" au "kanisa lilinyamaza", tunafunika ngazi ambazo mara nyingi huvutana zenyewe kwa zenyewe: yuko mhubiri mmoja mmoja, yako mabaraza yanayotoa matamko kwa niaba ya wengi, kama Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) na Baraza la Maaskofu Wakatoliki, na iko parokia au ushirika wa mashinani, ambako dhuluma huonekana kwanza. Mvutano huo ni wa zamani. Mwaka 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka ulioagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kila aliyeishi chini ya chifu alijua kuhimizwa huko kulikuwa na maana gani. Maaskofu Waanglikana wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dkt. John Arthur wa misheni ya Kiskoti, walijibu kwa taarifa ambayo haikuikataa kazi ya kulazimishwa yenyewe, bali ilitaka iwekwe wazi katika sheria na iwekewe mipaka. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliikataa kabisa, akaandika kijitabu kuishambulia, na sauti yake ni mojawapo ya zile zilizosikika Uingereza hadi serikali ya huko ilipoamuru, mwaka 1921, kwamba maofisa waache kuwatafutia walowezi vibarua. Weston na maaskofu wenzake walikuwa wa kanisa moja na walisoma Biblia ileile. Sidhani ni bahati nasibu kwamba aliyesema waziwazi zaidi ndiye aliyekuwa Zanzibar, ambako kazi yake haikutegemea hisani ya serikali ya Nairobi wala ya walowezi wake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, kanisa nchini Kenya lilikuwa na sababu mbili za kutosema. Ya kwanza ilikuwa aya. Warumi 13 inaanza kwa kusema, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu," na maneno hayo yalipendwa sana na watawala, ambao hawakuwa na haja ya kusoma Ufunuo 13, ambako mamlaka imechorwa kama mnyama. Ya pili ilikuwa mapokeo ya Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuyabadili makanisa ya Kiprotestanti ya Kenya kwa kina. Walokole, kama walivyoitwa wafuasi wa Uamsho huo, walitubu dhambi zao hadharani, wakarudisha mali waliyoiba, wakavunja mipaka ya kabila na rangi katika ushirika wao. Wasemao kwamba walikuwa waoga wanakosea, kwa kuwa wakati wa Mau Mau baadhi yao waliuawa kwa kukataa kula kiapo, na wengine walikataa pia kubeba silaha za serikali dhidi ya ndugu zao. Walichokosa ni lugha ya kuitaja dhambi isiyokuwa na mtu mmoja wa kuitubia. Mlevi angeweza kutubu, lakini sheria iliyompokonya mjane shamba ingetubiwa na nani?

Gitari, aliyelelewa katika mazingira hayohayo, ni miongoni mwa waliopata lugha hiyo mapema. Machi 1975, Mbunge Josiah Mwangi Kariuki, aliyekuwa akiilaumu serikali kwa kuwalimbikizia ardhi wachache, alikutwa ameuawa. Gitari alipewa nafasi ya mahubiri katika redio ya taifa, akaichukua Mwanzo sura ya nne na kuuliza swali ambalo Mungu alimuuliza Kaini: yuko wapi ndugu yako? Hakumtaja waziri wala afisa yeyote. Mkenya yeyote aliyekuwa na redio alielewa. Wakati huo makanisa ya nje nayo yalikuwa yakisogea upande huohuo: Sinodi ya Maaskofu Wakatoliki ya mwaka 1971 ilitamka kwamba kutenda haki ni sehemu ya kiini cha kuihubiri Injili, na Agano la Lausanne la mwaka 1974 liliwaambia Wainjilisti kwamba uinjilisti na wajibu wa kijamii ni vyote viwili wajibu wa Mkristo. Lakini matamko ya mbali hayatoshi kumfanya mchungaji wa Kirinyaga au Kisii amkabili mkuu wa wilaya. Kilichomlazimisha kilikuwa jambo lililoingia ndani ya kanisa lake mwenyewe, nalo lilikuwa mlolongo.

Bunge lilikuwa limeifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria Juni 1982, kwa kuongeza kifungu cha 2A katika katiba. Mwaka 1986 chama hicho, KANU, kiliamua kwamba katika kuwateua wagombea, kura ya siri iachwe na badala yake wanachama wapange foleni nyuma ya mgombea wanayemtaka, au nyuma ya mtu aliyeshika picha yake, wahesabiwe mchana kweupe. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa, na hivyo katika maeneo mengi uteuzi wa chama ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Agosti mwaka huohuo, wachungaji waliokutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta chini ya NCCK walitangaza kwamba wao hawatapanga foleni.

Hoja yao inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu haikuanzia kwenye nadharia ya demokrasia. Ilianzia kwenye kazi ya uchungaji. Mchungaji anayeonekana Jumatatu akiwa amesimama nyuma ya mgombea mmoja atampaje Meza ya Bwana, Jumapili inayofuata, mzee wa kanisa aliyesimama kwenye foleni ya pili? Na mfanyabiashara anayehitaji leseni, au mwalimu anayeogopa kuhamishwa, atasimamaje nyuma ya mtu ambaye chifu hamtaki? Swali la kwanza ni la kanisa, la pili ni la raia, na yeyote aliyelijibu la kwanza kwa uaminifu alijikuta analijibu la pili. Kwa njia hiyo wachungaji ambao hawakuwa wanasiasa hata kidogo walijikuta wakitetea kura ya siri. Chama kilijibu kwa werevu: kikawaruhusu viongozi wa dini, pamoja na watumishi wa serikali na wanajeshi, wasipange foleni. Kinga hiyo ilikuwa mtego, maana aliyeikubali na kunyamaza alikuwa ameokoa heshima ya joho lake na kuwaacha waumini juani.

Wakati huohuo upande wa pili wa kanisa nao ulijionyesha. Africa Inland Church, kanisa ambalo Rais Daniel arap Moi mwenyewe alikuwa muumini wake, lilijitoa katika NCCK mwaka 1986. Uchaguzi wa mwaka 1988 ulipofanyika kwa mlolongo, watu walishuhudia kwa macho yao wenye foleni fupi wakitangazwa washindi. Jarida la NCCK, Beyond, lilichapisha habari za uchakachuaji huo, likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa.

Kwa nini basi serikali iliyoweza kulifungia jarida haikuweza kuzifunga mimbari? Hapa ndipo kwenye kiini cha jambo, na majibu yake ni ya kitaasisi zaidi kuliko ya kishujaa. Mkutano wowote wa hadhara ulihitaji leseni ya maofisa wa utawala, lakini ibada ya Jumapili haikuombewa kibali cha mtu. Askofu wa Kianglikana huchaguliwa na vyombo vya kanisa lake, na wa Kikatoliki huteuliwa na Papa, kwa hiyo Ikulu, iliyoweza kumfukuza waziri kwa taarifa ya habari ya saa saba mchana, haikuwa na barua ya kumwandikia askofu. Mtandao wa parokia na ushirika ulifika mahali ambapo hakuna gazeti lililofika, na habari za shamba lililonyakuliwa zilimfikia askofu kabla ya kumfikia mwandishi wa habari. Isitoshe, sehemu kubwa ya bajeti ya NCCK ilitoka kwa makanisa wenza ya ng'ambo. Hilo liliwapa wanasiasa wa KANU fimbo ya kulichapa baraza hilo kwamba lina mabwana wa kigeni, na tuhuma hiyo haikuwa hewa tupu, lakini pia lilimaanisha kwamba mshahara wa katibu hautegemei tabasamu la Rais.

Na ilikuwapo silaha ya namna ya kuhubiri. Gitari alipendelea kufafanua Maandiko aya kwa aya, na mwaka 1987, baada ya katiba kurekebishwa ili kupunguza uhuru wa taasisi kama ofisi ya Mwanasheria Mkuu, alihubiri juu ya Danieli 6, kuhusu maofisa waliomshawishi mfalme Dario atie sahihi amri asiyoweza kuitangua. Afisa wa usalama aliyeketi kwenye viti vya nyuma akiandika angempeleka nani kortini, Danieli? Wanasiasa walikasirika hata hivyo, jambo lililothibitisha kwamba walikuwa wamejitambua katika kisa hicho. Aprili 1989, baada ya Gitari kukemea unyakuzi wa ardhi, kundi la watu lilivamia nyumba yake usiku huko Kirinyaga, naye akaokoka kwa kupanda juu ya paa akipiga kelele hadi majirani walipokuja.

Mwaka 1990 ulianza na mahubiri ya Njoya katika kanisa la St Andrew's jijini Nairobi, tarehe 1 Januari, ambamo alitazama kuanguka kwa tawala za Ulaya Mashariki na kuuliza ni lini zamu ya tawala za chama kimoja za Afrika. Tusisahau kwamba katika miaka ya 1980 kanisa lake mwenyewe lilikuwa limemwadhibu na kumhamisha kutoka Nairobi, kwa hiyo nabii huyu alipigwa kwanza na nyumba yake. Okullu naye alidai mfumo ufunguliwe. Agosti, Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alimwonya hadharani Muge kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Muge, ambaye kabla ya upadri alikuwa askari wa GSU, kikosi maalumu cha polisi, alikwenda Busia tarehe 14 Agosti, akahubiri, na aliporudi gari lake liligongana na lori la maziwa akafa papo hapo. Okondo alijiuzulu. Taifa zima halikuhitaji hukumu ya mahakama ili liamini lilichoamini.

Desemba mwaka huo KANU iliuacha mlolongo na sharti la asilimia 70, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Ingekuwa kujisifu kusikostahili kwa kanisa kudai ushindi huo peke yake. Wanasheria walifungwa, Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini kabla ya Saba Saba ya 1990, maandamano ya tarehe 7 Julai ya kudai vyama vingi, vijana waliuawa mitaani, na Novemba 1991 wafadhili wa nje walisimamisha misaada mipya. Kanisa lilitoa kile ambacho wengine hawakuwa nacho, yaani mahali pa kusimama. Mwanzoni mwa 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walipigwa na polisi walipogoma kula katika bustani ya Uhuru Park, wakakimbilia Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani. Wakakaa humo karibu mwaka mzima, katika chumba cha chini, hadi wana wao walipoachiliwa. Katika historia yote ya kanisa la Kenya mimi nalihesabu tendo hilo la kuwaachia mlango kuwa zito kuliko nyaraka nyingi za kichungaji. Polisi walikuja kuelewa uzito wake pia: Saba Saba ya mwaka 1997 waliingia katika kanisa kuu hilohilo kwa virungu na gesi ya machozi, na Njoya alikuwa miongoni mwa waliopigwa.

Kazi iliyoonekana kidogo zaidi ilifanyika Bonde la Ufa. Mapigano yaliyoanza mwaka 1991 na kusambaa wakati wa uchaguzi wa 1992 yaliitwa ya kikabila, lakini mapadre waliowapokea waliochomewa nyumba walianza kuandika nani alikuja, kwa magari ya nani, na chifu alikuwa wapi. Human Rights Watch ilikadiria mwaka 1993 kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kufukuzwa makwao. Ndingi, ambaye jimbo lake la Nakuru lilikuwa katikati ya moto, alisema kwa sauti kwamba mapigano hayo yalipangwa. Padre John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, aliishi na wakimbizi wa kambi ya Maela, akaona ikivunjwa kwa nguvu mwishoni mwa 1994, na mwaka 1999 akatoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano hayo, akiwataja mawaziri kwa majina. Agosti 2000 maiti yake ilikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha. Wapelelezi wa Marekani wa FBI walisema alijiua. Maaskofu hawakukubali, na mwaka 2007 uchunguzi wa mahakama ulihitimisha kwamba aliuawa.

Mpaka hapa mtu angeweza kudhani kwamba kanisa likishaonja ujasiri halirudi nyuma. Lakini mambo yaleyale yaliyolipa nguvu yalikuwa na upande wa pili. Dayosisi za Kianglikana, na kwa kiasi fulani majimbo ya Kikatoliki, zilikuwa zimegawanywa kwa kufuata mipaka ambayo mara nyingi ilikuwa mipaka ya kabila. Dhidi ya Moi hilo lilisaidia, kwa kuwa askofu aliongea lugha ya watu wake na kuwajua walionyang'anywa. Moi alipoondoka mwaka 2002, na siasa ikageuka kuwa mashindano ya jamii dhidi ya jamii, askofu huyohuyo alijikuta ni askofu wa kambi. Viongozi kadhaa pia walivuka na kuwa karibu na serikali mpya waliyoihesabu kuwa yao, na Kasisi Mutava Musyimi, aliyekuwa katibu mkuu wa NCCK tangu 1993, aligombea ubunge mwaka 2007 na kushinda. Ufungamano, juhudi ya mwaka 1999 iliyowaunganisha Wakristo, Waislamu na Wahindu kudai katiba mpya, ulikuwa umebaki kumbukumbu.

Uchaguzi wa 2007 ulipovurugika, hapakuwa na askofu ambaye pande zote mbili zingemsikiliza. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa humo ndani, katika nyumba ya aina ileile iliyowakinga akina mama wa 1992. Februari 2008 NCCK iliomba radhi kwa taifa, ikikiri kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea upande. Miaka miwili baadaye makanisa makubwa yaliungana tena, safari hii kuipinga katiba mpya kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu kuhusu uavyaji mimba, na waumini wao wenyewe wakaipitisha kwa takriban asilimia 67. Sheria ya haki za raia ambayo wachungaji wa 1986 waliilia ilikuwa imekuja, na warithi wao walisimama upande wa wasioitaka.

Katika kipindi hichohicho milango mingine ilifunguka. Leo Mkenya aliyedhulumiwa anaweza kwenda mahakamani, kwenye mashirika ya haki za binadamu, kwa mwandishi wa habari au kwenye mtandao wa X, na mahubiri ya mafumbo hayana tena uzito yaliyokuwa nao wakati ambapo hapakuwa na sauti nyingine. Kilichobaki ni swali la mfuko. Fedha za ng'ambo zilivyopungua, harambee ilichukua nafasi yake, na mgeni rasmi wa harambee ni mwanasiasa. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuhutubu katika makanisa ya Kianglikana. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu Wakatoliki kuilaumu serikali kwa utamaduni wa uongo, Rais William Ruto alichangia zaidi ya shilingi milioni 2 katika parokia ya Soweto, Embakasi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaamuru fedha hizo zirudishwe. Machi 2025 Rais aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Kipentekoste huko Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana waliandamana hadi karibu na kanisa hilo wakatawanywa kwa gesi ya machozi.

Ni rahisi kuuona uamuzi wa Anyolo kuwa wa kimaadili tu, lakini uliwezekana kwa sababu paroko wa Soweto ana mtu aliye juu yake, na aliye juu yake ana shule, hospitali, ardhi na zaka za maelfu. Makanisa mengi yaliyoanzishwa mijini katika miaka 40 iliyopita hayana sinodi, hayana askofu wa kurudisha bahasha, na hayatoi hesabu kwa yeyote nje ya familia ya mwanzilishi. Mchungaji wa kanisa la mabati la Kayole au Kisauni hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi kutokana na sadaka ya watu wasio na ajira, na diwani wa wadi yake anaijua siku ambayo kodi hiyo huiva.